Ukindu Shingoni mwa Dumu

Agosti 2009 nilikuwa na miaka 17, na kazi yangu kwenye boti la mjomba ilikuwa moja: mafuta. Lilikuwa boti la faiba lenye mashine ya HP 15, ya kuchanganyia oili. Tulipeleka samaki Somanga, pwani ya bara, tukarudi kisiwani kwetu Songosongo na unga, sukari na abiria.

Mjomba alinifundisha kwa kisu na chupa ya maji ya nusu lita. Aliichora alama chini kidogo ya shingo: hapo ni mililita 400, za dumu la lita 20, yaani oili moja kwa petroli hamsini. Oili itangulie, ifuate petroli kidogo, utikise, ndipo ujaze. Mashine ile haina oili yake pembeni kama gari. Pistoni, ringi na beringi zinalainishwa na hichohicho kinachoungua. Dumu lililochanganywa unalifunga ukindu shingoni. Lisilo na ukindu ni petroli tupu.

Kwenda tuliunguza lita 12 hivi. Kurudi wakati wa upepo wa kusi, mawimbi yanakuja usoni, umefungua gesi yote na boti haliendi. Lita 20 hazitoshi. Bila dumu la pili hufiki.

Siku ile Somanga maji yalikuwa yanakupwa na abiria wanahimiza. Dumu la kwanza nililichanganya, nikalifunga ukindu. La pili nikaliacha ili nipokee magunia. Tukiwa katikati ya bahari, tenki likielekea kwisha, nikalimimina. Niliona shingo haina kitu. Nikajiambia ukindu umekatika. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: niliona.

Haukupita muda, sauti ya mashine ikawa nyembamba, kama chuma kinakwaruzwa, kisha kimya. Mjomba akavuta kamba. Haikuja hata shubiri. Akagusa kichwa cha mashine, akautoa mkono upesi. Akachovya kidole kwenye tenki, akakisugua na gumba. Hakikuteleza.

"Mpwa, hii uliitia oili?"

"Hapana, mjomba."

Hakunipigia kelele. Tukatupa nanga, ikaburura kabla ya kushika; isingeshika, kusi ingetusukuma kaskazini, kwenye delta ya Rufiji. Akafungua plagi zote mbili, akadondosha oili kwenye matundu yake, akakaa kusubiri mashine ipoe. Mama mmoja alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini, mtoto kamfunika kanga yasimpate maji ya chumvi. Mimi sikuweza kumtazama mtu.

Jua lilikuwa limeshazama kamba ilipokubali. Mjomba akaitia kwenye tenki oili yote iliyobaki, mashine ikawaka kwa moshi mzito, silinda moja ikivuta na nyingine ikisuasua. Tulifika usiku, kwa mwendo wa kafi.

Wiki iliyofuata tuliipeleka kwa fundi Kilwa Masoko. Akatoa pistoni, akaigeuza juani. Upande wa ekzosi ilikuwa na mistari mirefu kama iliyoparwa kwa kucha, na ringi zimeganda kwenye mifereji yake.

"Hii imeungua kwa kukosa oili," akasema. "Nani anachanganya mafuta?"

Nikafungua mdomo.

"Mimi," mjomba akajibu.

Fundi akamtazama kidogo, akachukua msasa.