Kilo kumi za mchele kwa miaka 70 ya Malkia

Kosa langu lilikuwa kukaa kimya. Ilikuwa Januari 2022, kikao cha kamati katika ukumbi wa kijiji chetu huku Norfolk, mashariki ya Uingereza, baridi ya kukata masikio. Mwenyekiti, mama mmoja mstaafu mwenye daftari lisilomtoka mkononi, akauliza nani atashika chakula cha moto. Watu wote wakainamia viatu vyao. Mimi sikuinama, kwa kuwa sikujua kuwa hivyo ndivyo watu wanavyokataa huku. Nikaandikwa.

Sherehe yenyewe ilikuwa ya Malkia Elizabeth kutimiza miaka 70 ya kutawala. Hesabu kamili ilitimia 6 Februari, lakini Februari ya Norfolk si ya kumtoa mtu nje, na isitoshe ndiyo siku aliyofiwa na baba yake. Serikali ikapanga sherehe mwezi wa Juni: likizo ya mwisho wa Mei ikasogezwa hadi Alhamisi tarehe 2, wakaongeza na Ijumaa, basi nchi nzima ikapata siku nne mfululizo. Jumapili tarehe 5 ndiyo ilikuwa siku ya kila mtaa na kila kijiji kukaa meza moja na kula. Rafiki yangu wa Mombasa nilipomwambia niko kwenye kamati ya jubilei alicheka mpaka akakohoa: "Jubilee gani tena? Si kile chama kimeshaingia muungano wa Azimio?"

Mimi ni mtu wa Mombasa, mke wangu ni wa Nyeri. Yeye ni muuguzi, mimi naendesha gari la kusambaza mboga. Kutoka kwetu hadi Sandringham, kwenye nyumba na mashamba ya kifalme, hata nusu saa kwa gari haifiki, na huko ndiko Mfalme George wa Sita alikofariki usingizini usiku wa kuamkia 6 Februari 1952. Binti yake alikuwa Kenya. Usiku huohuo yeye na mumewe walikuwa Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti wa mgumo katika msitu wa Aberdare, wakitazama wanyama wanaokuja kunywa maji. Habari ilimfikia baadaye kwenye nyumba waliyofikia, Sagana Lodge, na mumewe, Philip, ndiye aliyebeba ule mzigo wa kumwambia. Kila mtu hapa kijijini akishajua natokea Kenya hunisimulia kisa hiki mwanzo hadi mwisho, utadhani mimi ndiye niliyewashikia ngazi.

Mke wangu hukisikiliza kwa uso mwingine. Bibi yake alikuwa msichana tu serikali ya mkoloni ilipotangaza Hali ya Hatari, Oktoba ya mwaka huohuo, na akahamishiwa kwa nguvu katika vile vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miba. Treetops yenyewe wapiganaji wa Mau Mau waliichoma 1954. Nilipomwambia nimeandikwa kupika, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wewe kapike, watu wale. Mimi taji la karatasi sivai." Tukakubaliana hapo.

Sasa, mimi kamati nazijua. Nimekaa kamati za harusi tangu nina miaka kumi na tisa. Kwetu kamati maana yake ni michango: kadi, ahadi, mweka hazina anayekupigia simu saa tatu usiku, na yule binamu anayeahidi elfu kumi mbele za watu kisha asipatikane. Hapa nilingoja mtu ataje michango, wapi. Kikao cha kwanza kilikwenda saa mbili tukijadili vibendera: vipya vya plastiki, au vile vya kitambaa vilivyoshonwa kwa jubilei ya 2012 na kuhifadhiwa kwenye dari ya ukumbi. Vya kitambaa vikashinda kwa kura sita kwa tatu. Pesa zilikuwa za bahati nasibu, tiketi pauni moja, zawadi kikapu cha jamu na kuoshewa gari. Mimi nikapewa bajeti ya pauni 150 kulisha watu 110. Vilivyobaki, kila nyumba ije na sahani yake.

Niliamua pilau kwa sababu ndicho chakula pekee ninachojua kukizidisha. Chapati za watu 110 ni adhabu. Lakini pilau ya nyumbani na pilau ya shughuli ni vitu viwili tofauti, na mimi niliyoijua kwa mikono ni ya nyumbani. Nikampigia mjomba, ambaye amepika harusi za Majengo na Kisauni kwa miaka zaidi ya thelathini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba mwanangu. Watu wangapi?" Hata hali hakuuliza. Nadhani mama alishamwambia.

Nikamwambia, na kwamba kutakuwa na vyakula vingine. "Kilo kumi, na usiipike yote sufuria moja, hujafika huko. Na maji usiyapime kama unavyopima kwako. Sufuria kubwa halikauki kama dogo. Ukiweka maji ya nyumbani mara kumi, utawapa uji."

Hilo ndilo lililoniokoa, naliandika hapa kwa yeyote atakayepewa mzigo kama wangu. Nyumbani kikombe cha basmati nakitia maji kikombe kimoja na nusu na kidogo. Kwa kilo saba ndani ya sufuria moja, mchele ukiwa umelowekwa nusu saa na kuchujwa vizuri, alinipunguzia mpaka supu ikasimama juu ya mchele kwa pingili moja tu ya kidole cha shahada. Nilifanya jaribio mwezi wa Aprili kwa kilo tatu, nikambishia, nikaongeza maji "kidogo tu". Tulikula bokoboko siku nne.

Masufuria ndiyo yaliyonitoa jasho. Madukani huku yapo ya lita kumi na tano, membamba marefu, ya supu. Nikaulizauliza, nikaelekezwa Leicester, mwendo wa kama saa mbili, kwa mzee wa Kihindi anayekodisha vyombo vya harusi. Kazaliwa Kisumu, familia ikaondoka 1968. Nilianza na Kiingereza changu cha adabu, akanikata: "Wewe wa pwani, sema Kiswahili bwana." Akanitolea masufuria mawili ya aluminiamu, mapana, yenye mabonde ya miaka, pamoja na vifuniko bapa vya bati. Bei akanipunguzia nusu. Bizari nzima, iliki, karafuu na mdalasini nikanunua mtaa wa pili yake kwa pesa ambayo dukani kwetu ingenipa vichupa vinne vya kuchezea.

Ikabaki moto. Nilipotaja kuni, mwenyekiti aliangalia dirishani, kwenye uwanja wa kriketi, jinsi mtu anavyomwangalia mtoto aliyelala karibu na barabara. Basi gesi. Maskauti wakaniazima majiko mawili ya miguu mitatu. Lakini mjomba akasisitiza makaa juu ya kifuniko: pilau isiyopaliwa moto juu, alisema, ni wali wenye rangi. Nikakubaliwa makaa, kwa sharti la ndoo mbili za maji na blanketi la kuzimia moto. Kisha nikapewa karatasi ya kujaza vitu 14 ambavyo sheria ya huku inataka vitajwe kwenye chakula kwa ajili ya wenye mzio: karanga, mayai, maziwa, haradali, hata seleri. Hapo nilifurahi kwamba sikununua masala ya pakiti. Viungo vizima nilivijua vyote kwa majina, nikatia mikwaju kumi na minne kwenye safu ya "hakuna".

Alhamisi usiku waliwasha moto mkubwa kilimani, kama ulivyowashwa siku ile katika vilima na minara zaidi ya 1,500. Jumamosi watu wakajazana ukumbini kutazama tamasha la Kasri ya Buckingham kwenye turubai, na Malkia alipotoa mkate wa jamu ya machungwa kwenye mkoba wake mbele ya yule dubu wa katuni, Paddington, wazee wazima walipiga makofi kama watoto. Mimi nilikuwa jikoni na kilo saba za vitunguu, nikilia.

Jumapili mvua ikaamka kabla yetu.

Si mvua ya kwetu inayomwaga na kwisha. Ni ile ya huku, nyembamba, isiyo na haraka. Meza zote zilizopangwa barabarani, barabara ambayo kwa kufungwa kwake mwenyekiti alijaza fomu tangu Machi, zikarudishwa ukumbini. Mimi jiko siwezi kulirudisha ndani. Wakanifungia hema lisilo na kuta nyuma ya ukumbi, upande mmoja likivuja.

Vitunguu nikavikaanga mpaka vikawa vyekundu, hapo ndipo rangi ya pilau inapotoka, wala si kwenye bizari. Nikatia thomu na tangawizi, nyama, viungo, mbatata, supu. Sufuria la pili, kilo tatu, lilikuwa la mboga na njegere kwa wasiokula nyama. Saa tano na nusu mchele ulikuwa umekunywa supu yake. Nikafunika, nikashusha gesi mpaka ikawa ya buluu ya kunong'ona, nikapanga makaa juu ya kifuniko. Tone la kwanza likaangukia kaa, tssss. La pili. Majivu yakaanza kugeuka tope.

Nikiwa nimesimama na sinia juu ya sufuria kama mwendawazimu, akaja mzee jirani yangu wa nyumba ya tatu. Tangu tuhamie alikuwa akinisalimia kwa kidevu tu. Alikuwa na mwavuli wa gofu, mkubwa wa kufunika punda. Hakuuliza kitu. Akausimamisha juu ya makaa, akakaa vivyo hivyo, mvua ikimchuruzika begani.

"Muda gani?"

"Dakika arobaini."

Akatikisa kichwa kukubali. Zilipopita kama kumi akaanza kusema, macho kwenye makaa. Februari 1952 alikuwa na miaka minane. Jeneza la mfalme lilitolewa kanisa dogo la Sandringham likapelekwa stesheni ya Wolferton kupanda treni ya London, na baba yake akamchukua kusimama kando ya njia. Anachokumbuka si jeneza. Anakumbuka viatu vyake vilivyokuwa vinambana, na kwamba aliogopa kulalamika kwa sababu watu wazima wote walikuwa kimya. "Na bintiye mfalme siku zile ametoka kwenu," akasema. Nilingoja kile kisa cha mtini kianze. Hakikuanza. Akaniuliza kwetu mtu akifa mbali na watoto wake inakuwaje. Nikamwambia tunavyofanya, kwamba maiti haingoji siku nyingi, na kwamba mimi mwenyewe nilimzika baba kwa simu, mwaka wa korona, nikiwa maegeshoni mwa duka. Hakutoa pole. Aliuhamisha mwavuli mkono wa pili, na cheche moja ikarukia kitambaa ikatoboa tundu la ukubwa wa punje ya njegere. Tukaliangalia wote wawili.

Nilipofunua, mvuke ulitoka na harufu ile ya karafuu, na mlango wa nyuma wa ukumbi ukajaa vichwa. Mchele ulisimama mmojammoja. Nikaupiga picha kwanza, nikamtumia mjomba. Akajibu: "Geuza kutoka pembeni, usichimbe katikati."

Ndani kulikuwa na meza ya vitamutamu yenye traifo saba, zile keki za tabaka zenye kastadi na krimu, kwa maana ile ya limau iliyoshinda shindano la kitindamlo cha jubilei kila nyumba iliijaribu, na tatu zilikuwa zimeshalala ubavu. Kulikuwa pia na kuku wa binzari baridi, chakula kilichobuniwa kwa ajili ya karamu ya kutawazwa Malkia 1953. Ladha yake ni kama biriani lililosahaulika kwenye friji, lakini nilikula na nikashukuru. Mke wangu alitokea saa saba, katoka zamu ya usiku, macho mekundu. Alivua koti, akatazama foleni, akashika upawa wa kachumbari bila kuambiwa. Mwenyekiti akampitia na boksi la mataji ya karatasi. "Hapana, asante," mke wangu akasema, na mwenyekiti akapita kwa mwingine, hakuna aliyegeuka.

Saa nane sufuria la nyama lilibaki na ukoko tu. Nilikuwa nimeshaanza kulitilia maji niloweke, mtoto mmoja akauliza ile kahawia ni nini. Nikambandulia kipande. Akakitafuna kwa sauti, na baada ya dakika mbili nikawa na foleni ya pili, ndefu kuliko ya kwanza, watu wazima na vikombe vya chai mkononi wakigombea ukoko. Mzee wa mwavuli nilimwekea wake pembeni, kwenye bakuli letu la bluu.

Matumizi yalikuwa pauni 121. Baki nikairudisha kwa mwenyekiti pamoja na risiti, akaishika kama mtu aliyepewa ndege hai.

Jumanne jioni mlango ukagongwa. Mzee alikuwa na bakuli mkononi, limeoshwa, limejaa stroberi za bustanini kwake. Mama yangu bakuli la watu halirudishi tupu hata kama ni kwa kutia limau moja, nikabaki nimelishika pale mlangoni. Yeye alikuwa na swali moja: ukoko aliobakiza jana yake ameutia kwenye maikrowevu, umelainika, kuna namna?

Kikaango kikavu, nikamwambia, moto mdogo, na usifunike.