Saa aliyonipa kaka wa vitunguu

Mwenzangu pale sokoni Kongowea, muuza vitunguu, alinishika mkono tu akanivisha saa yake. "Kaa nayo, mimi sina haja nayo tena." Nikacheka. Usiku, niko kitandani, ndipo nikakumbuka: wiki ile ile alikuwa amelipa madeni yote, hata la mama wa mahamri, na mizani yake kampa kijana wa jirani. Nikainuka, nikaenda kwake.

Tangu utotoni nimesikia kwamba ukimtajia mtu habari ya kujiua unampa wazo. Si kweli, ila ulimi ulikuwa mzito jamani. Mwishowe nikauliza wazi: "Kaka, unafikiria kujiua?" Akakizungusha kikombe mezani, mara mbili, tatu. Halafu akalia.

Sikumhubiria, wala sikumwambia kuna wenye shida zaidi yake. Nilikaa naye hadi adhana ya alfajiri. Tukampigia dada yake, na asubuhi tukaenda hospitali sote watatu.

Alichoogopa zaidi ni polisi! Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimgeuza aliyejaribu kujiua akanusurika kuwa mshtakiwa, mpaka Mahakama Kuu ya Kenya ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba, Januari 2025. Wengi hawajapata habari, waambieni. Na namba ya msaada ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, ni ya bure.

Saa bado ninayo. Kila nikitaka kuirudisha ananiambia inachelewa dakika tano, niipeleke kwa fundi kwanza.