Buti Zilikutosha?

Wiki hii nimevishwa cheo cha sajini, binti yangu Neema kachaguliwa kuingia kidato cha kwanza, na mvua imeangusha ukuta wa choo cha nje. Lakini tangu nirudi kutoka kwa wazazi Tarime ni swali moja la baba linalonizunguka kichwani. Hata gwarideni, jina langu linasomwa na wenzangu wamekauka kama miti, mimi nilikuwa bado chini ya mparachichi wa nyumbani.

Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Jumapili, saa kumi jioni, mama kaenda kwenye mazoezi ya kwaya. Baba kwenye kigoda chake, mimi kwenye mkeka, miguu nimenyoosha, kandambili nimezivua. Tulinyamaza muda mrefu. Kwa baba kunyamaza si kununa, ndivyo anavyokaa na watu. Mara akasema, macho yako kwenye ungo:

“Mama.”

“Abee, baba.”

“Kule, buti zilikutosha?”

“Zilinitosha, baba.”

“Eeh.”

Akachukua hindi jingine. Yakaishia hapo. Mama akarudi, tukala, alfajiri nikapanda basi la Dar.

(Baba ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Wasomaji wangu wa zamani mnalijua hilo.)

Sasa ukweli ni kwamba hazikunitosha. Zangu ziliozea kwenye matope ya Beni, mashariki mwa Kongo, jeshi liliponipeleka kulinda amani. Kule mvua inanyesha kama imetumwa, udongo mwekundu unakamata mguu hadi kwenye kifundo. Nikaazima za mwenzangu aliyeugua akarudishwa nyumbani. Yeye anavaa 41, mimi 38. Nikajaza soksi kuukuu mbele nikaendelea na doria, kwa sababu doria haingoji mguu wa mtu. Kucha mbili za mguu wa kulia ziling'oka, zikaota nyeusi, na mpaka leo ni nyeusi. Sikumwambia mtu. Mama anajua nilikula vizuri, Neema anajua niliona nyani, mume wangu anajua kidogo zaidi ya hapo.

Kila aliyenipokea aliniuliza kama niliogopa. Nawaelewa. Watu hawajasahau tarehe 7 Desemba 2017, kambi yetu ya walinda amani ya Semuliki, kule Kongo, ilipovamiwa na wenzetu wasiopungua 14 wakauawa. Usiku ule mimi nilikuwa nyumbani na mtoto mdogo, sikuwa hata kwenye orodha ya kwenda Kongo. Nilipofika huko baadaye, niliona jina la Semuliki linavyotamkwa kwa sauti ya chini, kama la marehemu wa nyumba ile ile. Kwa hiyo wakiniuliza kama niliogopa nina jibu, nimelizoea. Swali la buti sikuwa na jibu lake, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza.

Na aliyeuliza ni baba! Mzee ambaye tangu nizaliwe hajasema sentensi mbili mfululizo kuhusu jeshi. Alikuwa kwenye vita vya Kagera, vile vya kupigana na Idi Amin wa Uganda, alirudi nyumbani 1981, na tulichojua sisi watoto ni kile kilichotoka redioni. Kaka zangu walikuwa wakicheza vita kwa mabua ya mahindi, wakiigiza sauti ya Mwalimu Nyerere, “uwezo wa kumpiga tunao,” na baba angeinuka polepole akaenda kutazama ng'ombe. Lukaya, kule Uganda walikopigana kwenye kinamasi, nimeijua darasani, nikiwa tayari nimevaa sare. Nilichoka kutazama ramani ile, nikitafuta baba yangu alipita wapi.

Kwa hiyo niliposema “zilinitosha,” nilijibu kama ninavyomjibu mkaguzi. Kifua mbele, hakuna tatizo, afande. Nimeirudia sauti yangu mara mia. Haikuwa hata na mkwaruzo. Ningenyamaza kidogo tu. Ningesema, “Mwanzoni ndiyo, baba.”

Alhamisi nilimpigia mama, nikajifanya naulizia mbolea. Nikaingiza hilo katikati. Mama akakaa kimya, kisha akasema: “Baba yako zilikuwa zinambana. Alizichana mbele kwa singe vidole vitoke nje. Ndivyo alivyofika Kampala.” Kutoka Mutukula, mpakani, hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na wengi wao walizimaliza kwa miguu, masika yameshaanza walipoingia mjini tarehe 11 Aprili 1979. Ndipo nikakumbuka beseni. Utoto wangu wote, usiku, maji ya moto na chumvi, mlango umerudishwa, sisi tumekatazwa kuingia.

Nikamwomba mama ampe simu.

“Baba, shikamoo.”

“Marahaba, mama.”

“Baba, zile buti. Hazikunitosha. Zilikuwa kubwa.”

“Najua. Niliziona kucha.”

Nikashindwa kusema. Akaendelea mwenyewe: “Kubwa zinachubua kisigino, ndogo zinakula vidole. Wewe zimekula vyote.” Halafu akaniambia ng'ombe mwekundu kazaa jike, na simu akamrudishia mama.

Nililia jikoni, ila si kwa uchungu. Jeshi limenipa mengi na nayasema wazi. Mshahara haujanikosa mwezi hata mmoja, posho ya Kongo ndiyo iliyopandisha nyumba hii hadi kwenye bati, na binti yangu akiulizwa mama yako ni nani anajibu kabla swali halijaisha. Limechukua pia. Neema alijifunza kusuka nywele kwa jirani, na meno yake mawili ya kwanza kung'oka niliyaona kwenye picha. Lakini sikutegemea kwamba kati ya vitu ambavyo jeshi lingenipa angekuwemo baba yangu.

Leo asubuhi nimepigiwa simu kutoka stendi ya Mbezi, kuna mzigo wangu. Kopo la maziwa ya unga, mfuniko umefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Ndani ni samli. Juu kabandika karatasi ya daftari, mwandiko wake ule wa herufi kubwa zilizosimama wima: MIGUU. SI YA KUPIKIA.

Nimeiweka chumbani, juu ya kabati, mbali na dada wa kazi. Nimepaka mara moja tayari. Inanuka moshi wa nyumbani.

Fundi aliahidi kuja jana kujenga ule ukuta, hajaja na simu hapokei. Mifuko miwili ya saruji bado iko nje chini ya turubai lililotoboka, na nasikia matone ya kwanza kwenye bati. Mume wangu yuko kazini, Neema kalala. Ngoja nikaiingize mwenyewe.