Jumamosi ya ndafu: siku yangu moja kwenye moto, Dodoma

Saa 11 alfajiri

Anayeniamsha ni baba, si simu. Anagonga mlango kwa kijiko, mara mbili, kwa mkono uleule aliogongea magurudumu ya mabehewa kwa nyundo miaka yote aliyokuwa reli. Gurudumu zima hulia kama kengele, lenye ufa hulia kama sufuria. Ndivyo alivyokuwa akilijua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Upepo umeamka kabla yako."

Nausikia ukitikisa bati la jirani. Huo upepo tutapambana nao mchana kutwa.

Jumatatu hadi Ijumaa mimi ni fundi cherehani pale Majengo: sare za shule, vitenge vya sherehe, suruali za watu walionenepa wakadhani zimerudi kwa kufuliwa. Jumamosi nachoma nyama. Watu wanadhani ni ya kuongezea kipato. Hela inaingia, sikatai, lakini ingekuwa hela tu ningenunua cherehani ya pili, nikakaa kivulini.

Leo nina oda ya ndafu ya send-off. Ndafu ni mbuzi mzima anayechomwa bila kukatwa vipande, anaingizwa ukumbini amesimama kwenye sinia, majani mdomoni, na wenye sherehe wanamkata mbele ya watu. Wenye shughuli hiyo ni Wachaga, na ma-MC huiita keki ya Kichaga. Siku hizi hata Mgogo akiozesha anaitaka. Baba wa bibi harusi huyu ni mtu wa Rombo, aliletwa Dodoma na wizara yake Serikali ilipohamia.

Saa 2 asubuhi

Mnada wa Msalato ni Jumamosi. Naenda na mpwa wangu na guta la kukodi, tunashika barabara ya Arusha. Ng'ombe, mbuzi, mitumba, vyungu, vumbi. Upande wa wachoma nyama moshi umeshapanda. Vipande vimechomekwa kwenye vijiti, vijiti vimesimamishwa kuzunguka moto, nyama inaiva kwa joto la ubavuni bila kuguswa na ndimi. Nilianzia pale kuipenda kazi hii. Nilikuwa nakwenda kununua vitambaa vya mtumba, najikuta nimesimama nusu saa namwangalia mzee mmoja anageuza vijiti vyake kimoja kimoja, taratibu, huku wateja wanamfokea.

"Mbukwenyi," nawasalimia madalali kwa Kigogo. Bei inalegea kidogo ukianza hivyo.

"Dada, shemeji yuko wapi tuongee naye?"

"Shemeji yako ni huu mkoba. Ongea nao."

Wanacheka, na mimi naanza kukagua. Beberu simtaki, harufu yake inakaa hadi kwenye mfupa. Natafuta dume lililohasiwa. Kwanza mdomo: huyu kabadilisha meno mawili ya mbele, kwa hiyo amevuka mwaka na hajazeeka. Halafu mgongo. Natembeza kidole gumba juu ya uti, pale karibu na kiuno. Mifupa ikinichoma kama meno ya kitana, namwacha. Nikibonyeza nikakuta mto, namwacha pia, kwa sababu mafuta yote yale yatadondokea kwenye makaa na kuwasha moto nisiouomba. Nataka mgongo unaojificha lakini bado nauhisi. Nikampata mmoja, mweupe mwenye madoa ya kahawia. Dalali alianzia 160,000, tukaachana kwenye 125,000, kila mmoja akiamini kamwibia mwenzake.

Machinjioni sina la kusimulia zaidi ya mkaguzi. Huwa napenda kumwangalia. Anapasua ini kwa kisu chembamba kutafuta minyoo, anabonyeza mapafu, kisha anagonga muhuri. Ini la leo safi. Nimelifunga peke yake kwenye mfuko, lina mwenyewe.

Saa 5

Nyumbani Nkuhungu. Kusafisha, kukausha kwa kitambaa, kuchanja mapaja na mabega hadi karibu na mfupa. Kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, chumvi, pilipili manga. Nasukuma kwa kidole ndani ya kila chanjo. Kuna wanaopaka viungo kumi na mbili hadi mbuzi ananuka kama duka la Mhindi. Mimi naona mbuzi wa Dodoma, aliyekula majani ya migunga maisha yake yote, amekuja na ladha yake. Kazi yangu ni kutoiharibu.

Kisha anafungwa kwenye mtaimbo kwa waya. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Uti wa mgongo ufungwe kwenye chuma sehemu tatu, tena kwa nguvu, la sivyo nyama ikianza kulainika chuma kitazunguka peke yake na mbuzi atabaki amelala tumbo juu, anakuchomea upande mmoja.

Saa 7 mchana

Mtambo wangu aliutengeneza baba. Ni nusu mbili za pipa zilizoungwa kwa urefu, miguu ya chuma cha kona, mtaimbo katikati, na pembeni gia, mnyororo na pedali ya baiskeli ya Phoenix iliyokufa siku nyingi.

Ulivyopatikana ni hivi. Ndafu yangu ya kwanza, miaka miwili iliyopita, ilikuwa aibu. Nje nyeusi, inang'aa kama kiatu cha askari. Bwana harusi akapitisha kisu kwenye paja, damu ikatiririka kwenye kitambaa cheupe cha meza. MC akajaribu mzaha, haukuchekesha. Nilirudisha nusu ya hela, nikaja nyumbani nikakaa nyuma ya jiko nikalia.

Baba wakati ule alikuwa mtu wa maneno machache mno. Tangu mama afariki, siku nzima ingeweza kupita kwa "chai ipo?" na "haya, lala salama." Jioni ile alitoka nje, akalizunguka jiko langu la zamani kama anavyozunguka behewa, mikono nyuma. Akasema, "Moto wako umeuweka chini ya tumbo. Tumbo lina nyama gani?"

Ilikuwa kweli. Nilitandaza mkaa sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, wakati katikati ya mbuzi ni mbavu tu na uwazi, na nyama yenyewe imekaa nyuma kwenye mapaja na mbele kwenye mabega. Kesho yake akaomba futi yangu ya kushonea. Akapima, akachora kwa chaki sakafuni, akaenda kwa mchomeleaji. Baada ya wiki mtambo ulikuwa uani.

Kwa hiyo leo, kama kila Jumamosi: vilima viwili vya makaa, kimoja kila mwisho, katikati mstari mwembamba tu. Nawashia kwa matawi makavu ya mizabibu. Wakulima wa zabibu wakipogoa huyaacha shambani, ukiomba wanakupa bure. Yanashika haraka na moshi wake hauwashi macho. Mkaa ni bei na ni jambo la kufikiria. Tangu Januari 2024 taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimekatazwa kuni na mkaa, na kwa ukame huu wetu naelewa kwa nini. Mimi nafunika kwa bati, nakinga upepo, na gunia lililokuwa linaisha kwa ndafu mbili sasa linanifikisha ya tatu. Gesi nimejaribu. Iliivisha. Sikuipenda.

Joto napima kwa kiganja: naweka mkono usawa wa nyama na kuhesabu. Nikifika tano ndipo nautoa, moto umefaa. Nikishindwa kufika tatu, natoa makaa.

Saa 9 alasiri

Saa mbili za kwanza hakuna cha kuona. Mbuzi amepauka, anatoa jasho, mpita njia anaweza kudhani kazi imeshindikana. Hapo ndipo mtu mwenye haraka anaongeza mkaa na kuharibu. Ule utando mweupe ulioshikilia misuli pajani hauogopi ukali wa moto, unaogopa muda. Ukiupa saa nyingi za joto la wastani unayeyuka kuwa kama gundi laini, na hiyo ndiyo inayofanya nyama iachie mfupa. Rangi ya kahawia, ile harufu inayomtoa jirani ndani, inakuja ngozi ya nje ikishakauka. Ikiwa bado inatoka maji, utasubiri.

Tunazungusha kwa zamu, mimi na baba. Mpwa anapigana na upepo kwa mabati mawili na matofali.

Kitu nilichogundua kwenye moto ni hiki. Ukikaa sebuleni na mzee wako, mnatazamana, na neno likitoka linakuwa kikao. Kwenye moto mnaangalia moto wote wawili. Mkono una kazi. Mtu anaweza kuanza sentensi, akageuza pedali mizunguko ishirini, ndipo akaimalizia, wala hakuna aliyeona kanyamaza.

Hivyo ndivyo nilivyopata kumjua baba nikiwa na miaka arobaini. Kwenye pedali hii nimesikia jinsi alivyomtongoza mama stesheni ya Dodoma kwa kumbebea mzigo wa mtu mwingine kimakosa. Na usiku mmoja mwaka jana akanieleza Igandu. Nilijua ajali ile kama kila mtu hapa anavyoijua: Juni 24, 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani kwa kasi hadi ikagongana na treni ya mizigo, watu 281 wakafa. Nilikuwa msichana. Nilichokumbuka ni kwamba baba aliondoka alfajiri na wenzake na aliporudi aliosha viatu vyake kwa muda mrefu sana. Hakuwahi kusema. Usiku ule alisema, kidogo, makaa yakiwa yamebaki mekundu chini. Hayo ni yake, siyaandiki. Alipomaliza akasema, "Geuza, upande huo unaungua," nikageuza.

Saa 11 jioni

Simu ya mwenye shughuli. "Naomba kuongea na fundi wa ndafu."

"Unaongea naye."

Kimya. "Mama, naomba fundi mwenyewe."

Nimezoea. Nikamweleza nyama imefikia wapi, ataingia ukumbini saa ngapi, asimamishwe kwenye meza gani ili asianguke, na waandae kisu kirefu kwa sababu vya kukodi ukumbini havikati. Hapo akaniita "mwanangu" hadi mwisho wa maongezi.

Nachoma kipimajoto kwenye sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa. Nyuzi 68. Naitaka 75, basi. Baba havitaki vyombo hivyo. Yeye anagonga paja kwa mpini wa kisu na kutega sikio. "Bado," anasema. Baada ya dakika ishirini anagonga tena. "Sasa." Kipimajoto kinasema 74. Sibishani na mtu aliyesikiliza magurudumu.

Saa 2 usiku

Kadi ilisema saa 12. Wageni wanaingia sasa. Ndafu alisimama vizuri, kachumbari pembeni, tawi la majani mdomoni, mpwa wangu amevaa shati jeupe kama yeye ndiye kapika. Niko mlangoni na kanga yenye masizi. Kisu kikaingia kwenye paja, na paja likaachia. Hakuna damu. Mzee wa Rombo akatafuna, akatazama huku na huku, akamuuliza MC jambo, MC akanionyeshea kidole. Mzee akainua glasi yake juu, kutoka kule mbele hadi huku mlangoni.

Nimerudisha moyoni nusu ya ile hela ya mwaka juzi.

Saa 5 usiku

Nyumbani. Watu hawaamini nikisema siku ya choma sili nyama. Nikishinda kwenye moshi tangu asubuhi, ninachokitamani ni ugali wa uwele na mlenda, basi. Baba ndiye anayekula lile ini. Nilimwekea kwenye makaa yaliyobaki, chumvi peke yake, lisikauke. Ini likikauka ni raba.

Treni ya umeme imepita, haina kelele kama zile zake. Siku ya kwanza alipoona SGR inatoka Dar mpaka hapa kwa saa tatu na kitu, wakati wao walilala njiani, alikasirika kabisa, kama mtu aliyefichwa jambo maisha yake yote. Siku hizi anatega sikio tu.

Ameinama kwenye mtambo, anazungusha pedali tupu, mbuzi hayupo. Anazungusha, anasimama. Anagonga gia kwa kijiko.

"Jino moja limelika," anasema. "Jumamosi mna oda?"

"Mbili."

"Basi kesho tukatafute baiskeli nyingine. Nitakupeleka kwa jamaa mmoja, tulikuwa naye Morogoro. Ana hadithi zake huyo."

Akajimiminia chai, akavuta kiti karibu na makaa.