Jinsi nilivyoishusha Fairlady Z chini ya dakika moja Tsukuba

Kwa muda wa miezi miwili, saa ya Tsukuba ilinigomea kwenye dakika moja na sekunde mbili. Gari lenyewe ni Nissan Fairlady 240ZG ya mwaka 1971, mojawapo ya magari ya zamani ya Kijapani yaliyomo katika gemu ya Gran Turismo 7, na lengo nililojiwekea si geni kwa yeyote anayefuatilia kazi za mafundi wa Japani: kuuzunguka uwanja wa Tsukuba, wenye urefu wa mita 2,045 tu, kwa muda usiofika dakika moja. Uwanja huo wa mkoa wa Ibaraki ni mfupi na wenye kona za kubana, hivyo nguvu ya injini peke yake haimfikishi mtu mbali, na ndiyo maana gereji za Kijapani zimeutumia kwa miaka mingi kuwa mizani ya kupimia kazi zao.

Ningeweza kuchagua gari lililo rahisi zaidi kuliendesha, lakini hili lina historia nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa mtoto wa shule ya msingi mwaka 1973, aliposimama kando ya barabara ya Mombasa kuyatazama magari ya Safari Rally, na mpaka leo hulitaja gari hili kwa jina lililotumika nje ya Japani, yaani Datsun 240Z. Mshindi wa mbio zile alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na msaidizi wake Lofty Drews. Miaka miwili kabla yake, Edgar Herrmann na Hans Schüller walikuwa wameshinda kwa gari la aina hiyohiyo, na Mehta akaja wa pili. Nilipomwonyesha baba gari langu kwenye skrini alitikisa kichwa. "Pua hiyo siyo, mwanangu," alisema, na alikuwa na haki, kwa sababu ZG iliongezewa pua ndefu na vifuniko vipana juu ya magurudumu, mambo ambayo magari ya Safari hayakuwa nayo. Kumridhisha nililipaka rangi nyekundu na boneti nyeusi kama yale aliyoyaona.

Kosa langu la kwanza lilikuwa tamaa. Injini ya L24 ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393 na nguvu farasi zipatazo 150 inapotoka kiwandani. Nilinunua kila kilichouzwa kwenye duka la vipuri la gemu: nikatanua silinda, nikarefusha mwendo wa pistoni, nikabadilisha kamshafti, nikaweka mfumo mpya wa kutolea moshi, mpaka nguvu ikapita farasi 300, na papo hapo nikapunguza uzito wa bodi hadi chini ya kilo 900. Kwenye karatasi lilikuwa gari la kutisha. Uwanjani lilikuwa la kutisha kweli, maana kila nilipokanyaga mafuta nikitoka kwenye kona lilipiga mkia, na nilitumia muda mwingi kulinyoosha kuliko kulikimbiza. Matairi ya mashindano yangenisitiri, lakini nilikataa kuyafunga, kwa kuwa gari la barabarani linalovaa viatu vya mashindano haliwezi kudai sifa ya gari la barabarani. Nilibaki na matairi laini ya daraja la Sports.

Jibu nililipata kwa kutazama marudio ya mizunguko yangu badala ya kuendelea kuendesha kwa hasira. Niligundua kwamba mkia haukunichapa wakati wa kuingia kwenye kona, bali pale nilipoanza kurudisha mafuta, na magurudumu yote mawili ya nyuma yaliteleza kwa pamoja. Hiyo ni dalili ya difu, yaani gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, inayofunga kwa nguvu mno: gurudumu la ndani na la nje hulazimishwa kuzunguka sawa, na kwa kuwa injini ya gari hili iko mbele, chini ya boneti ile ndefu, nyuma hakuna mzigo wa kutosha kuyashikilia chini. Nilikuwa nimeweka kufunga kwa difu wakati wa kuongeza mwendo kwenye 40 kwa kipimo cha gemu, kwa kuiga mipangilio ya mtu mwingine ya gari zito zaidi. Nikashusha hadi 18. Kisha nikalegeza kidogo fimbo ya kuzuia mlalo wa bodi upande wa nyuma, ili gurudumu la ndani lisininyanyukie, na nikayaelekeza matairi ya nyuma ndani kwa kiasi kidogo sana, jambo linalolituliza gari linaponyooka.

Mabadiliko hayo pekee yalinipa sekunde moja na nusu.

Kilichobaki kilinichukua wiki nzima, na nakiri kwamba sehemu yake ilikuwa ya kunichosha. Gia ya pili ilikuwa fupi, hivyo kwenye kona kali inayotangulia mnyoosho wa nyuma injini ilifika kikomo kabla sijanyoosha usukani, na nililazimika kubadilisha gia gari likiwa bado limeegemea upande mmoja. Niliirefusha mpaka ikanitosha kutoka pale hadi mwanzo wa mnyoosho. Halafu nikafanya jambo ambalo mwanzoni lingeniudhi: nikapunguza nguvu ya injini kwa asilimia sita kupitia kompyuta ya gari, na muda ukazidi kuwa mzuri.

Kona ya mwisho ndiyo iliyonihangaisha kuliko zote. Ni kona ndefu ya kulia, na ukiingia kwa pupa unasukumwa nje hadi unapoteza kasi ya mnyoosho wote wa kumalizia. Nilijifunza kuachia breki polepole huku nikizungusha usukani, nisubiri pua ielekee ndani, ndipo nikanyage mafuta mara moja bila kuyaachia tena. Usiku wa Jumamosi moja, kwenye mzunguko wa kumi na nne, saa ilisoma sekunde 59.8.

Baba alikuwa amekaa nyuma yangu tangu mzunguko wa tisa. Alinyoosha mkono akaomba kontrola, akalitoa gari kwa utulivu kabisa kwenye mstari, na kwenye kona ya kwanza akalizungusha likaishia kwenye nyasi. Alilitazama kidogo, kisha akauliza kama gemu hii ina barabara ya matope.