Vibendera Vinne Nyuma ya Mlango

Jumamosi, usiku. Vibendera vinne vya kona vimeegemea ukuta nyuma ya mlango wa chumba changu, vinachuruzika maji. Nimetandaza magazeti chini, nayo yameshalowa. Kwenye miguu ya fimbo kumeganda udongo uliochanganyika na nyasi za uwanja usio wetu. Nitaukwangua kesho ukikauka, maana ukiubandua ungali mbichi unaondoka na rangi.

Tunapocheza nyumbani, yaani kwenye uwanja tunaoupanga kwa klabu nyingine, hivi ndivyo vitu pekee vya klabu yetu vinavyosimama uwanjani. Magoli ni ya mwenye uwanja. Nyavu zake, mabenchi yake, na chokaa kapiga mtu wake. Sheria ya kwanza ya mchezo inataka fimbo ya kona isipungue mita 1.5 na isiwe na ncha kali juu, basi. Ikishatimiza hayo, kitambaa chetu kinapepea. Kwa hiyo mimi mtunza vifaa hufika mapema kuliko wote, nang'oa vibendera vyake, navilaza kando ya stoo visije vikakanyagwa, nasimika vyetu. Kipenga cha mwisho kikilia, navitoa vyetu na kurudisha vyake, kila kimoja kwenye shimo lake. Mtu akipita uwanjani nusu saa baadaye hawezi kujua kwamba tulikuwepo.

Leo tumeshinda mbili kwa moja kwenye mvua. Bao la pili lilikuwa zuri mno, lakini usiku huu akili yangu imebaki kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Tuna winga mpya, kijana mdogo, hii ilikuwa mechi yake ya kwanza kwetu. Aliingia na begi lake, akatazama kuta. Picha za manahodha wa timu nyingine, nembo ya timu nyingine, makombe ya watu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, leo si tuko nyumbani?" Nikamwambia ndiyo, tuko nyumbani. Wakati huohuo nahodha wetu akapanda juu ya benchi, akaifunika ile nembo kwa taulo lake, akabana pembe mbili kwa plasta ya kufungia soksi. Hufanya hivyo kila mechi na hajawahi kuambiwa na mtu. Tukimaliza huliondoa, akaifuta nembo ya wenyewe ikiwa plasta imeacha gundi. Kijana akakaa chini ya lile taulo, akaanza kuvaa viatu.

Wachezaji wetu hawaishi kwa mpira. Wanapata posho ya mechi, na Jumatatu kila mmoja yuko kwenye ajira yake. Mechi ya mwenye uwanja ikiahirishwa, ya kwetu ndiyo inayosogezwa, kwa kuwa mkataba unampa yeye kipaumbele. Basi tunajikuta tunacheza katikati ya juma usiku, beki wa kati anafika amevaa sare ya kazi, anabadilisha nguo wenzake wakiwa wameshapasha misuli. Kodi tunalipa mvua inyeshe jua liwake. Mapato ya mlangoni ni yetu, lakini vinywaji, ukumbi na mabango ya ukutani ni vya mwenye nyumba, na kila aliye ndani ya mchezo huu anajua kwamba kiingilio peke yake hakiendeshi klabu. Kabla ya msimu kuanza ligi inataka barua inayothibitisha kwamba tuna uwanja wenye sifa: taa, uzio, viti, vyumba. Barua ikikosekana, pointi zote mlizotolea jasho haziwasaidii kitu. Katibu wetu halali vizuri mwezi ule.

Kuna jambo moja ambalo hata mashabiki hawalioni. Sheria inaruhusu uwanja uwe na urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90. Hapo katikati kuna tofauti kubwa sana. Timu yenye kwake inajua pembeni pana kiasi gani, inajua ni eneo gani maji hutuama, mpira unadunda vipi mbele ya goli la upande wa jua. Sisi tumeshabadilisha "nyumbani" mara tatu. Winga wetu wa zamani aliniambia kwamba alichoka kujifunza mstari upya kila msimu. Alikuwa akipiga krosi mguu ukikumbuka uwanja wa mwaka uliopita. Nilimwelewa vizuri.

Huwa nasoma habari za waliopitia haya, naona si peke yetu. Kule Uingereza, Maidstone United waliuza uwanja wao mwaka 1988 wakahamia kupanga kwa Dartford. Wakiwa wapangaji walipanda hadi ligi ya kulipwa mwaka 1989. Lakini mwaka 1992 klabu ikafa, na Dartford, waliokuwa wenye uwanja, nao wakabaki bila uwanja! Dartford walitangatanga miaka 14 kabla ya kufungua uwanja wao, Princes Park, mwaka 2006. Maidstone iliyofufuliwa ilipata uwanja wake mwaka 2012. FC United of Manchester, iliyoanzishwa na mashabiki mwaka 2005, ilipanga miaka mingi kwenye uwanja wa Bury, wanachama wakanunua hisa, na mwaka 2015 wakaingia kwao. Na hata klabu kubwa kama Charlton Athletic iliwahi kuondoka kwenye uwanja wake, The Valley, mwaka 1985. Mashabiki wakaunda chama cha kugombea udiwani mwaka 1990, wakapata kura 14,838, na Desemba 1992 timu ikarudi. Nikizisoma hesabu hizi sihesabu miaka tu. Nawaza mtu aliyekuwa akibeba vibendera vya Dartford. Miaka 14 alikuwa akivikausha wapi?

Maana shida yenyewe, kwangu mimi, ndiyo hiyo. Hatuna pa kuacha kitu. Watu wakisikia klabu haina uwanja wanafikiria nyasi, na nyasi zinapatikana kwa kodi. Kisichopatikana ni mahali ambapo ukiweka kitu leo, wiki ijayo unakikuta.

Mweka hazina wetu wa kwanza alipofariki, familia yake ilitutengenezea benchi la mbao lenye jina lake limechongwa kwenye mgongo. Alikuwa akikaa mstari wa kati kila mechi, daftari la mapato mapajani, na watoto wake walitaka watu waendelee kukaa pale. Pale wapi? Tulipokea benchi, tukashukuru, tukapiga nalo picha, kisha tukalipeleka kwenye banda la mwanachama mmoja, na huko ndiko liliko hadi leo, limefunikwa turubai. Mjane wake bado huja. Leo alisimama karibu na lango chini ya mwavuli, na nilipopita na vibendera begani akanisalimu, akauliza, "Lile benchi la mzee liko salama, mwanangu?" Nikamjibu, "Lipo, mama, halijaingia maji." Akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza lini litatoka. Ningeweza kuvumilia zaidi kama angeuliza.

Timu za watoto wetu ziko viwanja viwili tofauti, na wengi wao hawajawahi kuiona timu ya wakubwa ikicheza. Hilo nalo linaniuma, ila ni habari ya siku nyingine.

Jioni hii, wakati nakunja nyavu za mazoezi kwenye gari, katibu amenipigia simu. Kuna kiwanja kitupu ambacho mwenye ardhi amekubali tukione. Hajaahidi kuuza, hajaahidi kupangisha kwa muda mrefu, amesema tu tuje tukione. Kina mteremko upande mmoja, na katibu anahofia kwamba upana hautoshi. Tunakwenda Jumatano kupima. Nimemwambia kamba ya mita 100 ninayo.

Nimeshavigeuza vibendera upande mwingine ili vikauke sawasawa. Jumatano navyo nitavibeba. Tukishapata kona nne nitavisimika, nirudi nyuma hadi barabarani, nitazame.