Modemu mpya iliwaka taa zote lakini intaneti haikuja: jinsi nilivyotatua

Nyumbani kwetu Chake Chake nilikuwa nikilipa shilingi 15,000 kila mwezi kwa kukodi modemu tu, mbali na ada ya intaneti yenyewe, nikaona bora ninunue yangu kwa shilingi 120,000, sawa na kodi ya miezi minane. Nilipoifunga, taa zote ziliwaka kijani na simu zikaiona, lakini hakuna ukurasa hata mmoja uliofunguka.

Nilibadilisha waya, nikaizima na kuiwasha, nikairudisha katika hali ya kiwandani, wapi. Nilipoichomeka tena ile ya kukodi, intaneti ilirudi papo hapo, nikajua kuwa laini ni nzima.

Kumbe baadhi ya watoa huduma hufungamanisha laini ya mteja na anwani ya MAC, yaani nambari ya utambulisho ya kifaa, yenye alama 12, na kifaa wasichokitambua hakipokelewi. Niliwasomea kwa simu nambari ya kwenye kibandiko, wakaisajili, na bado haikufanya kazi. Nilipofungua ukurasa wa mipangilio wa modemu, ambako nambari hiyo huonekana kwa maandishi makubwa, niligundua kuwa palipo na B mimi nilikuwa nimesoma 8. Waliposahihisha alama hiyo moja, nikaizima modemu dakika tano na kuiwasha, intaneti ikaja.

Modemu ya kukodi nimeirudisha, na nimechukua risiti ili kodi isiendelee kuhesabiwa.